Panya wa upungufu wa chuma: jinsi ya kuwapata bila kupoteza mwezi mzima kama mimi

Wiki ya nne nachukua tone la damu kwenye mkia, mkono unatetemeka kwa hamu, nasoma namba ya hemoglobini: 13.2 (gramu kwa desilita). Panya wa pili 12.9. Hao ndo walitakiwa wawe na upungufu wa damu, mwezi mzima wanakula chakula nilichochanganya mwenyewe bila chuma, na wenzao wa kontroli (kundi la kulinganishia, linakula chuma kama kawaida) wako 13.8. Yaani hela ya kasini (protini ya maziwa), hela ya panya, wikendi zote, nimefuga tu panya wenye afya kuliko mimi. Tulivyokaa chini kutafuta mchawi tukakuta keji zimeshika kutu kwenye pembe na jamaa walikuwa wanazilamba, alafu maji nilikuwa nawapa ya bomba, na chini nimewatandikia maranda ambayo walikuwa wanayatafuna. Chuma nilikitoa kwenye chakula kikaingilia dirishani.

Kwahiyo huu mwongozo ni kwa wewe unayeandika proposo ya masters au PhD, ya lishe, mifugo, famasia, chochote, na unataka kupima kama majani ya mlonge, au rozela, au unga wa dagaa, au kidonge flani kinarudisha damu. Fuata kwa mpangilio, usiruke.

Hatua ya 1: swali kwanza, mnyama baadae

Wengi wanaanza na "nina panya". Anza na swali, maana kila mnyama anajibu lake na mengine anakudanganya mchana kweupe.

Kama swali lako ni "chuma cha kitu hiki kinageuka kuwa damu kiasi gani ukilinganisha na chuma cha kawaida cha dawa", panya mweupe wa maabara (rat) anakufaa, ametumika hivo miaka mingi na njia yake imesimama. Lakini kama swali ni "chai ya rangi inazuia chuma?" au "nyama kidogo inasaidia chuma cha maharage?", achana na panya. Reddy na Cook mwaka 1991 waliweka binadamu na panya kwenye vyakula vya aina moja wakakuta vitu vinavyopandisha au kushusha sana ufyonzaji wa chuma kwa mtu, kwa panya vina athari ndogo au hamna kabisa. Sababu zinaeleweka: panya anajitengenezea vitamini C kwenye ini lake, sisi hatuwezi, na utumbo wake una kimeng'enya kingi cha kuvunja fitati (kitu cha kwenye nafaka na maharage kinachoshika chuma) kuliko wa kwetu. Sasa we unampa ugali wa dona na chai, yeye anacheka tu. Simbilisi angalau yeye vitamini C hatengenezi kama sisi, ila vifaa na vipimo vyake ni shida kupata.

Kuna mnyama mmoja ambaye upungufu wa chuma kwake ni wa asili kabisa, huhitaji hata kumtengenezea: kitoto cha nguruwe. Mfugaji yeyote wa kitimoto anajua habari ya sindano ya chuma siku ya 3, miligramu 200. Kitoto kinazaliwa na akiba ya kama miligramu 50 hivi mwilini, kinakua kwa kasi ya ajabu, kinahitaji kama miligramu 7 kila siku, na maziwa ya mama yanampa kama 1 tu. Piga hesabu mwenyewe, wiki moja akiba imekwisha. Porini nguruwe anafukua udongo anajipatia chuma, ila ukimweka kwenye sakafu ya zege bila sindano, wiki ya tatu amepauka. Na utumbo wake unafanana na wa mtoto mchanga kuliko wa panya, kwahiyo kama utafiti wako ni wa watoto, au wa ubongo na chuma, na una banda na hela ya chakula, nguruwe ni bora. Tatizo ni hilo la banda na hela.

Wengine kwa ufupi. Kuku broila: pale chuo cha Cornell, Marekani, kina Tako na Glahn wamewatumia sana kupima maharage yaliyoongezewa chuma kwa uzalishaji wa mbegu. Hamsta: kama unasoma minyoo ya safura, maana Ancylostoma ceylanicum anaishi vizuri ndani yake na kumnyonya damu. Vipanya wadogo (mouse): hao ni wa watu wa jeni. Kuna kipanya maarufu anaitwa mask, mwaka 2008 ndo ikajulikana kwamba jeni yake ya Tmprss6 imeharibika, ini linamwaga homoni ya hepsidini kupita kiasi na hepsidini inafunga mlango wa chuma kwenye utumbo, basi anapungukiwa chuma hata ukimlisha vizuri, manyoya yanatoka mwilini yanabaki kichwani kama kavaa barakoa. Kuna binadamu wana ugonjwa huohuo, vidonge vya chuma vya kumeza haviwasaidii sana. Ila kama huna swali la jeni usijipeleke huko.

Na kama swali lako linajibika na seli za Caco-2 (seli za utumbo wa binadamu zinazokuzwa maabara) kwenye sahani, fanya hivo, usimsumbue mnyama.

Kuanzia hapa naongelea panya mweupe tu, maana ndo wengi mtaishia kwake.

Hatua ya 2: kibali

Kibali kabla ya panya. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, Kenya wana yao Sura ya 360, na chuo chochote cha maana kina kamati ya maadili itakayokuuliza vitu vitatu vya Russell na Burch vya tangu 1959: huwezi kutumia kitu kingine badala ya mnyama? huwezi kutumia wachache zaidi? huwezi kupunguza maumivu? Jibu kwa namba, usijibu kwa maneno matamu. Wengi wanaishia panya 8 hadi 10 kwa kundi ila fanya hesabu ya sampuli ukitumia tofauti ya hemoglobini unayotegemea kuiona, usikopi ya mwenzako.

Andika pia mapema ni lini utamtoa panya kwenye jaribio: amepungua uzito kwa asilimia 20, anahema kwa shida, amejikunja hasogei. Usisubiri afe ndo uandike "alikufa". Panya aliyekufa usiku hana data na umemtesa bure.

Hatua ya 3: panya wa umri gani

Chukua panya mweupe wa aina ya Wistar au Sprague Dawley wa siku 21, ametoka tu kuachishwa ziwa, uzito gramu 40 hadi 60, na watu wengi wanachukua madume ili mambo ya homoni yasiwachanganye (kwangu mimi hii sababu ni ya uvivu kidogo, maana wanaoumwa sana huu ugonjwa duniani ni wanawake, ila ndo hali halisi). Na sio panya buku wale wa APOPO Morogoro wanaonusa mabomu, nimeshaulizwa hilo zaidi ya mara moja, ni jamii nyingine kabisa.

Kwanini mdogo? Kwasababu anakua. Damu yake inaongezeka kila siku na kila mililita inadai chuma kipya, akiba ndogo aliyozaliwa nayo inasambaa mwilini mpaka inaisha. Panya mzima ameshajaza ini, na haongezeki sana, utamlisha chakula kisicho na chuma miezi na bado anadunda. Ukiletewa panya wa gramu 180 "kwa bei poa", kataa.

Hatua ya 4: chakula, hapa ndo penyewe

Pelleti za kawaida za panya huwa zina chuma kingi, mara nyingi zaidi ya miligramu 150 kwa kilo, wakati mahitaji yake ni 35 tu. Kwahiyo huwezi "kupunguza" pelleti, inabidi utengeneze chakula cha vitu safi. Fomula inayotumika dunia nzima ni AIN-93G, ya 1993, G ni ya ukuaji. Kwa kilo 10:

- wanga wa mahindi kilo 3.975
- wanga uliokwisha kupikwa (dekstrini) kilo 1.32
- kasini kilo 2
- sukari kilo 1
- mafuta ya soya gramu 700
- selulosi gramu 500
- mchanganyiko wa madini gramu 350
- mchanganyiko wa vitamini gramu 100
- sistini gramu 30, kolini bitatreti gramu 25, na chembe ya dawa ya kuzuia mafuta yasichache

Mchanganyiko wa madini wa kawaida una sitreti ya chuma ndani, we unaagiza ule usio nayo. Chakula cha kontroli unachukua chakula hichohicho alafu unarudishia sitreti ya chuma mpaka ifike 35. Hiyo ndo tofauti pekee inayoruhusiwa kati ya makundi. Nimeona tesisi ambazo kundi la upungufu linakula chakula cha kutengeneza na kontroli anakula pelleti za dukani, hapo umebadilisha protini, mafuta, nyuzinyuzi, fitati, kila kitu, alafu unasema ni chuma. Sio chuma peke yake hiyo.

Ukimaliza kuchanganya usiamini karatasi, peleka sampuli ipimwe kwenye AAS (mashine ya maabara ya kupima madini). Kasini na selulosi zenyewe zina chuma kidogo kwahiyo sifuri hutaipata, wengi wanakubali miligramu 2 hadi 6 kwa kilo. Ikizidi hapo, rudi kwenye viungo kimoja kimoja. Usisage kitu kwenye mashine ya mtaani, yale mawe na vyuma vinaacha unga wa chuma. Changanyia kwenye beseni la plastiki, hifadhi kwenye friji, tengeneza cha wiki mbili tu maana mafuta yanachacha.

Alafu usije ukajifanya mjanja ukaondoa na shaba. Mwaka 1928 kina Hart na Elvehjem pale chuo cha Wisconsin, Marekani, walikuwa na panya waliopungukiwa damu kwa kulishwa maziwa matupu, wakawapa chuma safi, hawakupona. Walivyoongeza shaba kidogo damu ikapanda. Ndo dunia ikajua shaba nayo inahitajika kutengeneza hemoglobini. Sasa mchanganyiko wako wa madini ukiwa na kasoro ya shaba, utamrudishia panya chuma mpaka uchoke na utaandika kwamba mlonge haufanyi kazi.

Hatua ya 5: funga milango yote ya chuma

Angalia udongo wetu ulivyo mwekundu. Ule wekundu ni chuma. Upepo mmoja wa kiangazi, dirisha liko wazi, vumbi linatua kwenye chakula, kazi imeisha.

Maji: yaliyoondolewa madini, kila siku, kwenye chupa ya kioo au plastiki, mrija wa stenlesi. Vyombo vya kioo vinaloweka kwenye asidi ya naitriki ya asilimia 10 usiku kucha, unasuuza kwa maji hayohayo yasiyo na madini. Keji: plastiki au stenlesi, pitisha kidole kila kona, ukiona rangi ya chungwa irudishe. Maranda hapana. Sakafu iwe ya waya wa stenlesi, sababu kubwa sio maranda tu, panya anakula kinyesi chake mwenyewe na kinyesi kina chuma ambacho hakikufyonzwa, ukimwacha anakirudia anakuharibia hesabu. Ila waya unaumiza miguu, kwahiyo muwekee bomba la plastiki la kupumzikia, kamati ya maadili nayo itafurahi.

Mhudumu wa wikendi mweleze kwa herufi kubwa na bandika mlangoni. Kuna ambaye aliwaonea huruma wa kwangu awamu ya pili akawatupia pelleti "maana wamekonda". Moyo mzuri, jaribio likafa siku 3.

Hatua ya 6: kushusha damu

Wape siku 2 au 3 wazoee, pima hemoglobini ya mwanzo na uzito, wagawe, anza. Chakula unapima kila siku, ulichoweka toa kilichobaki toa kilichomwagika, inachosha ila bila hiyo hatua ya 8 haipo. Uzito mara mbili kwa wiki. Hemoglobini mara moja kwa wiki, tone la mkia.

Kupima, kama una HemoCue (kimashine kidogo cha kupima hemoglobini) ni rahisi, maikrolita 10 tu na jibu hapohapo. Kama huna, tumia dawa ya Drabkin: maikrolita 20 za damu kwenye mililita 5 za dawa, subiri, soma kwenye spektrofotomita nanomita 540. Drabkin ina sianidi, usiimwage kwenye sinki lenye asidi, nasema tena usiimwage.

Damu ya panya ni kama mililita 64 kwa kilo, kwahiyo wa gramu 100 ana mililita 6.4 hivi mwili mzima. Ukichukua nusu mililita kila wiki "kwa ajili ya vipimo vyote" we mwenyewe ndo safura. Chukua matone, na kontroli nao wachukue sawasawa.

Wiki ya 3 au ya 4 utaona masikio na nyayo zimepauka, macho hayana ule wekundu, manyoya yamesimama hovyo. Namba inatakiwa iwe chini ya 8, wanaofuata njia kali ya kulinganisha vyanzo vya chuma wanasubiri chini ya 6. Ambaye hajashuka, mwondoe, usimlazimishe kwenye grafu.

Kitu ambacho supavaiza wengi hawasemi: panya aliyepungukiwa damu anakula kidogo na hakui vizuri. Sasa ukiona tofauti ya misuli, ya akili, ya kinga, ni chuma au ni njaa? Weka kundi la tatu, lina chuma cha kutosha ila kila siku linapewa gramu zilezile alizokula mwenzake mwenye upungufu jana. Ni kazi, najua. Kama unapima hemoglobini tu unaweza kusamehewa, kama unapima kingine chochote huwezi.

Hatua ya 7: hakikisha ni chuma kweli

Hemoglobini kushuka sio ushahidi wa kutosha, damu inashuka kwa mambo mengi. Chuma kinaondoka kwa zamu: kwanza akiba ya ini, kisha kile kinachosafiri kwenye transferini (protini inayobeba chuma kwenye damu), mwisho ndo hemoglobini. Kwahiyo unatakiwa uone seli nyekundu zimekuwa ndogo na zimepauka, chuma cha seramu (maji ya damu yaliyobaki seli zikitolewa) kiko chini, uwezo wa kubeba chuma uko juu, na ini limebaki tupu. Ini ndo shahidi ninayemwamini mimi, unachemsha kwa asidi nyuzi 65 masaa 20, njia ya Torrance na Bothwell ya 1968, rangi unasoma.

Feritini (protini inayotunza akiba ya chuma): kit ya kupimia ya binadamu haisomi ya panya. Nunua ya panya, na sio ya kipanya, ya panya. Seramu ikiwa nyekundu imeharibika, seli zimepasuka zimemwaga chuma, itupe. Na chuma cha seramu kinapanda na kushuka kwa saa, chukua wote asubuhi muda mmoja, usianze kundi A saa 3 ukamalizia kundi D saa 9 baada ya chakula cha mchana.

Hatua ya 8: kurudisha, na hesabu

Wagawe upya, safari hii kwa kupanga hemoglobini na uzito ili kila kundi lianze sawa. Kundi moja linaendelea bila chuma, moja linapewa salfeti ya chuma, moja au mawili yanapewa kitu chako, na muhimu sana miligramu za chuma ziwe sawa kwenye kilo ya chakula, sio gramu za majani ziwe sawa. Siku 14.

Hesabu ni hii (njia hii inachukua damu kuwa mililita 67 kwa kilo, sio 64 niliyokadiria juu). Chuma kilichoko kwenye hemoglobini = uzito × 0.067 × hemoglobini kwa mililita × 3.35. Mfano: panya alianza gramu 100 na hemoglobini 6, damu mililita 6.7, hemoglobini gramu 0.402, chuma miligramu 1.35. Amemaliza gramu 170 na hemoglobini 11, damu 11.39, hemoglobini 1.253, chuma miligramu 4.20. Ameongeza 2.85. Alikula gramu 196 za chakula chenye 35 kwa kilo, yaani miligramu 6.86. Gawanya: kama asilimia 41 au 42 ya chuma alichokula kimegeuka kuwa damu. Alafu unagawanya asilimia ya kitu chako kwa ya salfeti, hapo ndo unapata la kusema.

Unaona uzito ulivyoingia? Mtu anayelinganisha hemoglobini peke yake anampunja panya aliyekua haraka, damu yake imeongezeka wingi kabla haijaongezeka ukoleo.

Siku ya mwisho wanalala bila chakula, nusu kaputi ya kutosha, damu ya moyo, na ini lisafishwe kwa maji ya chumvi kabla hujalipima, la sivyo unapima damu iliyobaki ndani yake unaita akiba.

Hatua ya 9: ukianza kuandika

Hapa watu wanaruka ukuta. Panya amepanda kutoka 6 mpaka 11, kesho yake kichwa cha habari "majani flani yanatibu upungufu wa damu". Panya wako hana malaria, hana safura, hajawahi kuugua homa, anaishi kwenye chumba kisafi kuliko chako. Kule Pemba, utafiti uliochapishwa 2006 kwenye Lancet uliwapa watoto wa miezi 1 hadi 35 chuma miligramu 12.5 (walio chini ya mwaka nusu yake) na asidi ya foliki kila siku, na waliopewa wakawa na hatari ya kulazwa au kufariki iliyozidi wenzao kwa asilimia 12, mahali penye malaria nyingi. Mkono wa chuma ukasimamishwa kabla ya wakati. Hakuna panya wa AIN-93G ambaye angekuonyesha hilo, kwasababu hakuna aliyeng'atwa na mbu.

Kwahiyo andika "kwa panya wa kuachishwa ziwa waliopungukiwa chuma kwa lishe, chuma cha kitu hiki kilitumika kwa kiasi hiki ukilinganisha na salfeti", weka na namba ya chuma iliyopimwa kwenye chakula chako, sio ya kwenye fomula. Mtahini wa nje akifungua tesisi yako ataanza kutafuta hiyo namba.